Picha za eksirei za meno ya wanyama: dalili unayoiona, chanzo usichokiona

Mfunue paka mdomo, uone meno meupe na fizi zisizo na wekundu, na bado hujaliona jino lote. Mizizi imo ndani ya mfupa, na magonjwa mengi ya meno huanzia au huishia huko. Chonge ya mbwa ina mzizi mrefu kuliko sehemu inayoonekana, nao umepinda kwenda nyuma ndani ya taya. Jipu likitunga kwenye ncha ya mzizi huo, hakuna jicho wala kidole kitakacholigundua.

Mwaka 1998 jarida la American Journal of Veterinary Research lilichapisha tafiti mbili ambazo mbwa 226 na paka 115 walipigwa picha za kinywa kizima. Kwenye meno ambayo uchunguzi wa macho ulikuwa umeyapitisha kuwa mazima, picha zilifichua jambo lenye uzito wa kitabibu kwa asilimia 27.8 ya mbwa na asilimia 41.7 ya paka. Ukisafisha meno ya paka bila eksirei, basi, kuna uwezekano mkubwa wa kumrudisha nyumbani na maumivu yaleyale aliyokuja nayo.

Mwongozo huu nimeuandika kwa daktari na msaidizi wake, ila mwenye mnyama naye anaweza kuusoma ili ajue aulize nini. Kila dalili hapa chini ina swali ambalo picha inatakiwa kulijibu. Picha iliyopigwa bila swali huishia kutazamwa juujuu na kufungiwa kwenye faili.

Kabla ya picha ya kwanza

Mnyama alazwe kwa nusukaputi, na mrija wa kupumulia uwe kooni. Dawa ya kutuliza peke yake haitoshi: mnyama hutikisa kichwa, huuma sensa (bamba linalonasa picha ndani ya mdomo), na maji ya kusafishia yanaweza kuingia mapafuni. Miongozo ya meno ya chama cha kimataifa cha madaktari wa wanyama wadogo, WSAVA, inakataa waziwazi usafishaji wa meno bila nusukaputi, na sababu mojawapo ni hii: mnyama aliye macho hawezi kupimwa chini ya ufizi wala kupigwa picha za maana.

Mara ya kwanza mnyama mzima anapolazwa kwa ajili ya meno, piga kinywa kizima. Mbwa aliyekomaa kwa ukamilifu ana meno 42, paka 30, na kila jino lionekane na ncha ya mzizi wake pamoja na mfupa kidogo unaoizunguka. Kwa paka kwa kawaida picha 8 hadi 10 zinatosha. Kwa mbwa ni 10 hadi 20, kutegemea ukubwa wa mdomo na wa bamba unalotumia. Vipande vinene vya ukoga viondolewe kwanza, maana navyo huonekana kwenye picha na kufunika shingo ya jino.

Nitatumia namba za meno zinazotumika hospitalini. Tarakimu ya kwanza ni pande za kinywa: 1 ni juu kulia, 2 juu kushoto, 3 chini kushoto, 4 chini kulia. Mbili zinazofuata huhesabu kuanzia katikati kwenda nyuma, chonge ikiwa daima 04 na gego kubwa la kwanza 09.

Jino limevunjika, lakini mnyama anakula vizuri

Kula si ushahidi. Mbwa na paka hula wakiwa na maumivu. Huhamishia chakula upande mwingine au humeza bila kutafuna. Mwenye mnyama husema kwa moyo mweupe kwamba hajaona shida, na anasema kweli: hajaiona.

Jino ambalo mbwa hulivunja mara kwa mara ni gego dogo la nne la taya la juu, 108 au 208. Akitafuna mfupa, pembe au kitu chochote kigumu kulishinda jino, kibanzi cha upande wa shavu hubanduka. Wakati mwingine kibanzi hicho kinabaki kimeshikiliwa na ufizi, ukoga unakifunika, na jino linaonekana chafu tu.

Gusa penye mvunjiko kwa ncha ya kipimio, kile kijiti chembamba cha chuma cha kupimia meno na fizi. Ikizama, kiini, yaani nyama laini yenye neva na damu ndani ya jino, kiko wazi. Doa jekundu ni kiini ambacho bado kina uhai. Doa jeusi ni kiini kilichokufa. Halafu piga jino hilo pamoja na pacha wake wa upande wa pili, kwa sababu sehemu kubwa ya jibu imo katika kulinganisha.

Jino lililo hai hujijenga kutoka ndani maisha yote. Dentini, sehemu ngumu inayokizunguka kiini, huongezeka kwenye kuta za mfereji uliobeba kiini, hivyo mfereji wa mbwa mchanga ni mpana, na wa mbwa mzee ni kama uzi. Jino likifa, ujenzi unasimama siku hiyohiyo. Ukiona mfereji wa 108 ni mpana na wa 208 mwembamba, na mbwa ni yuleyule, jino lenye mfereji mpana limekufa zamani, hata kama ncha ya mzizi wake haina doa lolote. Dalili hii ndiyo inayonisaidia kuliko zote, na ndiyo inayokosekana pale daktari anapopiga upande unaouma peke yake kwa kuokoa muda.

Baada ya hapo tazama ncha za mizizi. Doa jeusi la mviringo kuzunguka ncha ni mfupa ulioliwa na uambukizo. Ukuta mweupe mwembamba wa tundu la jino ukikatika pale kwenye ncha, maana yake ni ileile. Tafuta pia ufa ulioteremka hadi kwenye mzizi, maana jino la namna hiyo kwa kawaida halitibiki.

Kiini kikiwa wazi, njia ni mbili: kutibu mfereji wa mzizi au kung'oa. Kusubiri uone si matibabu. Mbwa mchanga aliyevunja jino punde ana njia ya tatu, kukitibu kiini kikiwa hai, lakini nafasi hiyo ni fupi, saa 48 hivi. Kama mvunjiko haukufika kwenye kiini na picha ni safi, dentini iliyo wazi izibwe, na picha irudiwe baada ya miezi 6 hadi 12.

Jino halijavunjika, ila limegeuka rangi

Zambarau, waridi, kijivu au hudhurungi inayotoka ndani ya jino, haifutiki kwa kusugua. Mara nyingi ni chonge au jino la mbele lililogongwa. Damu ilivuja ndani ya kiini na kuingia kwenye dentini.

Wengi huliacha kwa kuwa halina tundu. Katika utafiti wa daktari wa meno ya wanyama Fraser Hale uliochapishwa mwaka 2001, meno 59 kati ya 64 yaliyobadilika rangi kwa namna hii yalikutwa na kiini kilichokufa, chote au sehemu yake, na kwa mengi ya meno hayo picha hazikuonyesha kasoro. Kwa hiyo hapa eksirei ina kazi ya upande mmoja. Ikionyesha doa kwenye ncha au mfereji mpana kuliko wa pacha, imethibitisha. Isipoonyesha kitu, haijathibitisha kwamba jino ni zima. Rangi peke yake ni sababu tosha ya kuzungumza na mwenye mnyama kuhusu kutibu mfereji au kung'oa.

Uvimbe chini ya jicho unaokuja na kuondoka

Mbwa anavimba chini ya jicho, anapewa antibayotiki, uvimbe unanywea, wiki chache baadaye umerudi. Mzunguko huu ukijirudia, chanzo kiko kwenye mzizi, nayo dawa haifiki ndani ya jino lililokufa kwa sababu halina tena damu ya kuipeleka. Washukiwa wa kwanza ni 108 na 208. Magego makubwa ya nyuma yake yachunguzwe pia.

Kama kuna tundu linalotoa usaha, ingiza kijiti laini cha gutapacha (kile kinachotumiwa kujaza mfereji wa mzizi) taratibu mpaka kikome, kisha piga picha. Kijiti huonekana cheupe na ncha yake hukupeleka kwenye mzizi wenye ugonjwa.

Gego hili lina mizizi mitatu, na miwili ya mbele, mmoja upande wa shavu na mwingine upande wa kaakaa, hupandana kwenye picha. Ili kuitenganisha piga mara mbili, ya pili ukiwa umesogeza kichwa cha mashine kwenda mbele au nyuma. Mzizi wa ndani husogea uelekeo uleule wa mashine. Wa nje huenda kinyume. Ukisogeza mashine mbele, mzizi wa kaakaa ndio utakaotokeza mbele kabisa. Bila picha hizi mbili unaweza kuhukumu mzizi usio wenyewe.

Paka anadondosha chakula, anatetemesha taya akiguswa jino

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wanyama wengi wanapoumia kimyakimya, na ndipo kazi bila eksirei inapoleta madhara makubwa.

Paka waliokomaa hupata ugonjwa ambao seli za mwili wenyewe hulila jino. Huanzia kwenye mzizi au shingoni, na kinachoonekana nje ni kinyama chekundu cha ufizi kilichopanda juu ya jino kana kwamba kinaziba kitu. Na kweli kinaziba tundu. Ukiligusa kwa kipimio, taya hutetemeka hata paka akiwa amelala. Meno yanayotangulia kuugua mara kwa mara ni 307 na 407, yaani magego ya kwanza unayoyaona kwenye taya la chini, kwa kuwa paka hana mawili ya mbele yake.

Wakati mwingine hakuna kinyama. Kuna pengo, ufizi umefunga vizuri na kuinuka kidogo, kumbe chini yake kuna vipande vya mizizi. Au jino linaonekana zima na mzizi wake umebaki kivuli.

Picha hugawa ugonjwa huu katika aina tatu, na aina ndiyo inayoamua upasuaji.

Katika aina ya 1, mzizi bado unajitambulisha. Mstari mweusi mwembamba unauzunguka, ambao ni nafasi ya nyuzi zinazolishikilia jino, na mfereji unaonekana. Jino lina matundu, lakini mizizi yake ni mizizi. Ling'olewe lote. Ukikata taji, yaani sehemu ya jino iliyo juu ya ufizi, na kuacha mizizi hii, umemwachia paka kiini kilicho wazi chini ya ufizi ulioshonwa.

Katika aina ya 2, mstari huo umepotea. Mzizi umeshikana na mfupa na kuanza kugeuka mfupa. Rangi yake kwenye picha ni ileile ya taya, na huoni ulipoanzia. Kujaribu kuung'oa ni kuchimba mfupa mzima na kuhatarisha taya. Hapa kukata taji na kushona ufizi juu yake kunakubalika, kwa masharti: pasiwe na doa kwenye ncha, pasiwe na mfupa uliolika kwa ugonjwa wa fizi, na paka asiwe na uvimbe mkali wa kinywa kizima. Sharti moja likikosekana, mizizi itoke.

Aina ya 3 ni mchanganyiko ndani ya jino moja, mzizi mmoja ukiwa wa aina ya 1 na mwenzake wa aina ya 2. Kila mzizi upewe haki yake.

Hakuna mtu anayeweza kuzitofautisha aina hizi kwa macho. Kliniki isiyo na eksirei ya meno isikate taji la paka. Impeleke paka kwenye kliniki yenye mashine.

Paka mwenye kinywa chekundu chote, ambaye meno yake yalikwisha kung'olewa na bado haponi, apigwe picha upya kabla ya kuongezewa dawa. Mizizi iliyosahaulika ni miongoni mwa sababu za kwanza za kutafuta.

Harufu, damu kwenye fizi, meno yanayolegea

Huu ni ugonjwa wa fizi, na kipimio kinatangulia picha. Mfuko ulio kati ya ufizi na jino wa mbwa mwenye afya hauzidi milimita 3. Wa paka hauzidi milimita 1. Picha huongeza kile ambacho kipimio hakikuambii: mfupa uliobaki ni kiasi gani na umelika kwa umbo gani. Ukiwa umeshuka sawasawa kwenye meno yote ni jambo moja. Shimo refu la wima kando ya mzizi mmoja ni jingine, na wakati fulani linaweza kutibiwa jino likabaki. Upotevu wa zaidi ya nusu ya mfupa unaoushika mzizi ni ugonjwa uliokwisha kukomaa.

Kwa mbwa wa umbo dogo kuna hatari ambayo lazima ijulikane kabla ya koleo kuguswa. Mizizi ya 309 na 409 kwao hufika karibu na ukingo wa chini wa taya. Mfupa ukilika kuizunguka, taya hubaki limeunganishwa na ukanda mwembamba sana, na linaweza kuvunjika mkononi mwa daktari, au hata nyumbani mbwa akiruka kutoka kitini. Picha ikionyesha hivyo, mwenye mbwa aelezwe kabla ya upasuaji, na kazi ipangwe au ipelekwe kwa mtaalamu.

Kuna pengo na hakuna anayekumbuka jino kutoka

Kila pengo lipigwe picha, bila ubaguzi. Ama jino halikuumbwa kabisa, ama lilitoka likaacha mzizi, ama limezikwa ndani ya taya. La mwisho ndilo la kuogopa, hasa kwa mbwa wenye uso mfupi, kama Boxer na Pug, na hasa 305 na 405. Jino lililozikwa linaweza kuzungukwa na kifuko cha maji ambacho hupanuka polepole, kinakula mfupa na kulegeza meno ya jirani, na mbwa haonyeshi chochote mpaka taya livimbe. Likionekana mapema ni upasuaji mdogo.

Chonge ya utotoni iliyobaki pembeni ya chonge ya ukubwani nayo ipigwe kabla ya kung'olewa: mzizi wake ni mrefu na mwembamba, na ni vyema kujua kama bado upo wote.

Uvimbe wa ufizi, au jino moja lililolegea katika kinywa kisafi

Ugonjwa wa fizi ukilegeza meno, kwa kawaida dalili zake zimejaa kinywani. Jino moja linapocheza huku mengine yakiwa imara, au taya la paka likinenepa upande mmoja, fikiria saratani mpaka ithibitishwe vingine. Picha itaonyesha mfupa uliotafunwa bila mpaka unaoeleweka, mizizi iliyosukumwa au kuliwa, au mfupa mpya unaochomoza nje. Haitakutajia jina la uvimbe. Kipande cha nyama lazima kiende maabara, na kichukuliwe siku hiyohiyo ya nusukaputi. Kosa la kulilia ni kung'oa jino, kusubiri kidonda kipone, na kushangaa mwezi mmoja baadaye kwamba hakijafunga.

Meno yote yakionekana kama yanaelea hewani, kuta nyeupe za matundu zimefutika, na taya ni laini, pima figo. Figo zinazoshindwa kazi huufanya mwili kunyang'anya madini kwenye mifupa, na taya huonyesha hasara hiyo mapema.

Sungura anayetokwa machozi, farasi anayetoa usaha pua moja

Meno ya sungura, yote 28, hayaachi kukua. Yasiposagika sawasawa mizizi hurefuka kurudi ndani, ya meno ya mbele ya juu hubana mfereji wa machozi, na jicho hulowa bila kuwa na ugonjwa wake. Picha za fuvu zinahitajika: za ubavuni, za mshazari kwa kila upande, na ya juu kwenda chini.

Farasi mzima ana mizizi ya magego ya nyuma ya taya la juu ndani ya matundu ya hewa ya uso. Usaha wenye harufu katika pua moja tu ni sababu ya kupiga mizizi hiyo. Yeye hupigwa akiwa amesimama, kwa dawa ya kutuliza, bamba likiwa nje ya shavu.

Picha yenyewe ina kasoro

Kabla ya kuisoma picha, jiulize kama inasomeka.

Ukiona mizizi imefupishwa, au imerefushwa hadi kutoka nje ya bamba, tatizo ni pembe. Kwenye magego ya taya la chini bamba hukaa sambamba na jino, miale ikigonga vyote kwa mraba. Sehemu nyingine za kinywa haziruhusu hilo, hivyo miale huelekezwa kwa mraba kwenye mstari unaogawa katikati pembe iliyo kati ya jino na bamba. Fikiria kivuli chako: jua likiwa juu ni kifupi, likiwa chini ni kirefu. Mizizi ikifupika, shusha mashine, ikirefuka, ipandishe.

Ncha za mizizi ya magego ya chini zikikatika, bamba halikuzama vya kutosha kati ya ulimi na taya. Lisukume chini, ulitegemeze kwa shashi.

Ukingo mweupe wa duara pembeni mwa picha unasema miale haikufunika bamba lote, sogeza koni, yaani mdomo wa mashine unaotoa miale. Picha yenye chengachenga imepata mionzi kidogo, na iliyoungua hadi mfupa mwembamba ukatoweka imepata mingi. Ukungu ni mtikisiko, na mara nyingi ni mkono wa mashine unaoshuka polepole baada ya kuachiwa. Alama zinazojirudia mahali palepale kwenye picha za wanyama tofauti ni mikwaruzo ya bamba la fosfori (lile linalosomwa kwa mashine baada ya kupigwa), si ugonjwa. Picha iliyofifia, wakati mionzi ilitosha, huenda bamba lilikaa kwenye mwanga kabla ya kusomwa.

Magego ya juu ya paka yana shida yake: mfupa wa shavu huifunika mizizi. Weka bamba nje ya mdomo, chini ya shavu la upande unaopigwa, kinywa kikiwa wazi, miale ipite kinywani kutoka upande wa pili. Picha hiyo iandikwe upande wake papo hapo, kwani ni rahisi mno kuchanganya kulia na kushoto.

Na bamba lisishikwe kwa mkono wa mtu. Anayebonyeza asimame walau mita 2 kutoka kwenye mashine, nje ya njia ya miale, na avae kipimo cha mionzi. Haraka ya kazi isiwe kisingizio.

Doa ambalo si ugonjwa

Mbwa ana vitundu vya mishipa kwenye taya la chini, na kimoja hukaa karibu na mzizi wa gego dogo la pili. Kikiangukia kwenye ncha ya mzizi hufanana kabisa na jipu. Badilisha pembe upige tena: kitundu kitahama, jipu litabaki limeganda kwenye ncha. Chonge na meno ya mbele nayo huwa na eneo jeusi lenye umbo la ncha ya mshale pale mwisho wa mzizi. Likifuata umbo la mzizi, mstari wa nyuzi ukionekana mzima, na pacha akiwa nalo vilevile, ni maumbile. Meno mazima hung'olewa kwa sababu ya madoa haya, nami naona hilo linauma sawa na jipu lililoachwa.

Jino limeng'olewa, kidonda hakiponi

Picha ya baada ya kung'oa ipigwe kabla ufizi haujashonwa. Inathibitisha kwamba mizizi imetoka yote, hakuna kipande kilichosukumwa ndani ya pua au mfereji wa taya, na taya halijapata ufa. Kama haikupigwa na sasa kuna usaha, anza hapo.

Picha ni safi, mnyama bado anaumwa

Mfupa lazima upoteze takriban asilimia 30 hadi 50 ya madini yake kabla picha haijaonyesha tofauti, kwa hiyo ugonjwa mchanga hauonekani. Kiini kilichovimba jana hakina dalili kwenye filamu. Mfuko mrefu upande wa kaakaa wa chonge ya juu hufichwa na jino lenyewe. Mbwa wa mwili mrefu, kama Dachshund, wanaopiga chafya na kutoa kamasi upande mmoja, wapimwe kwa kipimio pale kabla ya kuambiwa wana mafua. Kiungo cha taya na matundu ya pua huonekana vizuri zaidi kwa skani ya CT.

Usipopata jibu, andika kwenye faili namba ya jino, pembe uliyotumia na upana wa mfereji ukilinganisha na pacha, kisha urudie picha ileile baada ya miezi 6 hadi 12, au mapema zaidi maumivu yakizidi. Doa ambalo halikuwapo, au mfereji uliobaki mpana wakati wa pacha umesinyaa, ni jibu kamili: jino hilo limekufa, na litibiwe mfereji au ling'olewe katika nusukaputi hiyohiyo.